Fimbo, Kisu na Vidole Viwili: Siku Kumi za Safari Italia

Tarehe 7 Agosti, Venice

Kabla ya kutafuta chumba nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Dorsoduro, kwenye daraja dogo liitwalo Ponte dei Pugni, yaani Daraja la Ngumi, nikapanda hadi juu na kuzitafuta nyayo. Zipo, za jiwe jeupe lililopachikwa sakafuni kwenye pembe, na watalii waliokuwa wakishuka kwenda kununua matunda katika mashua iliyofungwa chini ya daraja walizikanyaga bila kuzitazama. Hapo ndipo walipoweka miguu wapiganaji wa pande mbili za mji: Castellani, ambao wengi wao walikuwa mafundi wa kuunda merikebu za dola, na Nicolotti, wavuvi wa upande wa San Nicolò. Daraja wakati huo halikuwa na kingo, kwa hiyo aliyesukumwa aliishia majini.

Jina la daraja linaficha nusu ya habari. Katika karne ya 16 mapigano haya yalikuwa ya fimbo, henzirani zilizochongwa ncha na kuchovywa katika mafuta yanayochemka ili ziwe ngumu, na mwaka 1574, mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa alipopita mjini, wakuu wa Venice walimwandalia pigano la namna hiyo kuwa burudani. Inasimuliwa kwamba mfalme alisema pigano lile halikufikia kuwa vita, lakini kwa mchezo lilikuwa limezidi ukatili. Baadaye fimbo ziliachwa zikabaki ngumi, na baada ya pigano la mwaka 1705 lililomwaga damu nyingi serikali iliyapiga marufuku yote.

Mimi nimekulia Lamu, ambako wakati wa Maulidi wanaume wawili huingia duarani na fimbo zao, zumari ikilia, wakacheza kirumbizi. Kiitalia nilijifunza Malindi kwa kuwaongoza wageni. Mmoja wa wageni hao, mzee wa Catania, mji wa kisiwa cha Sicily, aliwahi kuniona nikicheza, akaniambia kwamba kwao pia wapo wachezao fimbo, ila hawachezi mbele ya watu. Kirumbizi kisichochezwa mbele ya watu sikuweza kukifikiria kikoje, na kwa miaka miwili maneno yale yalinikaa kichwani mpaka nikakata tiketi.

Tarehe 8 Agosti, Scarperia

Ndani ya treni ya kuelekea Florence nilisoma habari za Fiore dei Liberi, mzaliwa wa Premariacco karibu na Cividale, mwalimu wa silaha aliyemwandikia Niccolò wa Tatu d'Este, mtawala wa Ferrara, kitabu cha mapigano chenye michoro, ambacho nakala yake mojawapo ina tarehe ya mwaka 1409. Sehemu ya jambia katika kitabu hicho ni ndefu ajabu, na ipo hata michoro ya mtu aliyeketi, mkononi ana kijiti kifupi tu, akimkinga adui aliyemjia na jambia. Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni dibaji. Fiore anaeleza kwamba aliiweka fani yake siri, na kwamba mara tano alilazimika kupigana kwa panga zenye makali, amevaa koti la kitambaa na glavu za ngozi tu, dhidi ya walimu wengine ambao alikuwa amekataa kuwaonyesha anachokijua. Miaka 600 iliyopita, basi, siri ilikwisha kuwa sehemu ya fani yenyewe, na yule mgeni wangu wa Malindi hakuwa akisema jambo geni.

Scarperia ni mji mdogo wa milima ya Mugello, kaskazini ya Florence, ulioanzishwa mwaka 1306, na kwa karne nyingi umekula na kunywa kwa visu. Katika jumba la kale la Palazzo dei Vicari kuna makumbusho ya vyuma vya kukatia, lakini nilikaa humo kwa muda mfupi, kwa sababu hatua chache kutoka hapo fundi mmoja aliniruhusu kukaa karakanani mwake. Alikuwa akimalizia kisu cha kukunja cha aina ya zuava, ambacho ni fahari ya mji huo. Alikitwaa kipande cha pembe ya ng'ombe, akakipasha moto mpaka kikalainika na chumba kikanuka kama nywele zilizoungua, akakibana ili kinyooke, na baadaye akaisugua mipini iliyokwisha kukatwa mpaka ikawa na rangi ya asali yenye mistari myeusi. Kisha alikifungua kisu kingine kilichokwisha kamilika karibu kabisa na sikio langu. Springi ililia mara moja tu, mlio mkavu. Ikilia mara mbili, alisema, kisu hicho hakiuzwi.

Aliizungumzia sheria ya mwaka 1908 kana kwamba ilipitishwa juzi. Mwaka huo, Giovanni Giolitti akiwa waziri mkuu, serikali iliwabana waliobeba visu vyenye ncha, na mafundi wa Scarperia, waliokuwa wakiwauzia wakulima na wachungaji wa nchi nzima, wakaanza kutengeneza visu vilivyokatwa ncha, butu mbele kama vidole. Leo sheria inayotumika ni ile namba 110 ya mwaka 1975, ambayo haimruhusu mtu kutoka nyumbani na kisu bila sababu ya haki. Nilipoaga, fundi alinipa kisu kidogo cha matunda, akakataa malipo, lakini alinyosha kiganja na kungoja mpaka nilipoweka sarafu ya senti 10 ndani yake, kwa kuwa kisu kinachotolewa bure, kwa imani yao, hukata urafiki.

Tarehe 9 Agosti, Naples

Nimekaa Naples kwa saa chache nikingoja treni ya usiku, katika joto ambalo hata mtu wa pwani analiheshimu. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa na neno lake la pigano la visu, *zumpata*, kutokana na kuruka, na kijana aliyetaka kukubaliwa katika Camorra, genge la wahalifu la mji huo, alipaswa kuonyesha kwamba anaweza kusimama mbele ya kisu. Njiani tulikuwa tumepita Roma, ambako mchoraji Bartolomeo Pinelli, aliyefariki mwaka 1835, aliwachora watu wa mitaa ya kawaida wakipigana kwa visu. Michoro yake inapendeza, na ndiyo sababu naiogopa kidogo. Nimewasikia watu wakiizungumzia fani hii kana kwamba ilikuwa adabu na ushujaa mtupu, ilhali wengi waliouawa kwa visu hivyo walikufa uchochoroni kwa deni la kamari au neno la ulevi, na aliyewaua alikuwa amefundishwa vizuri.

Tarehe 10 Agosti, mlango-bahari wa Messina

Alfajiri mabehewa yetu yalikatwa vipande, yakasukumwa moja baada ya jingine ndani ya tumbo la feri, na treni ikavuka bahari ikiwa na abiria wake waliolala. Sijaona jambo kama hili kwingine. Nimefika Catania mchana, nimelala.

Tarehe 11 Agosti, Vizzini

Basi la kwenda Vizzini lilichelewa saa moja na nusu, na dereva hakuona haja ya kueleza. Nilitaka kuuona mji huu kwa sababu ya mwandishi Giovanni Verga, ambaye hadithi yake fupi ya mwaka 1880, *Cavalleria rusticana*, ile iliyogeuzwa kuwa opera maarufu ya Mascagni mwaka 1890, inaishia kwa pigano la visu baina ya Turiddu, askari aliyerudi nyumbani, na Alfio, mwenye mkokoteni. Sikujali sana habari za mapenzi yao. Nilichotaka kuona ni mahali penyewe, Canziria, nje ya mji, ambapo Verga anawapeleka wawili hao kwenye kichaka cha mipungate.

Mipungate ipo kila mahali, mirefu kupita mtu, imejaa matunda, na ardhi kati yake ni vumbi jepesi la rangi ya majivu. Niliinama nikachota vumbi hilo kwa kiganja, kwa kuwa ndilo linaloamua hadithi. Wawili hao wanakubaliana kama waungwana: wanakumbatiana, na Turiddu anambana Alfio sikio kwa meno, jambo ambalo kila Msisilia wa wakati ule alilielewa kuwa ni ahadi ya kupigana kwelikweli. Lakini shambani, Alfio akiwa amejeruhiwa na amejikunja, mkono wa kushoto umeshika kidonda, anachota vumbi ghafla na kulitupa machoni mwa mwenzake, na hapo ndipo anapomuua. Opera haionyeshi pigano hilo kabisa. Watazamaji husikia tu sauti ikipiga kelele kwamba Turiddu ameuawa. Verga alijua asiyoyaimba mwimbaji: kwamba sheria za heshima zilifika mpaka ukingo wa kichaka tu.

Tarehe 12 Agosti, miteremko ya Etna

Mgeni wangu wa zamani alikuwa ameniandikia barua ya utambulisho kwa mtu wa kijiji kimoja upande wa mashariki wa mlima huu wa volkano. Mtu huyo ameniomba nisiandike jina lake wala la kijiji. Nitamwita Zu, kwa maana wazee wa huku huitwa hivyo na vijana, kama sisi tunavyomwita mtu ami hata kama hatuna damu moja naye. Ana umri wa miaka 81, alichunga mbuzi tangu utotoni, na fimbo alifundishwa na babu mzaa mama usiku, ndani ya zizi, mlango umefungwa, taa moja imetundikwa ili vivuli visidanganye.

Siku nzima sikupewa fimbo. Alichora msalaba kwa chaki juu ya sakafu ya mawe meusi ya mlima, akaniamuru nitembee juu ya mistari yake: mguu mbele, mguu kando, geuka juu ya kisigino, rudi. Nilidhani kirumbizi kingenisaidia, kumbe kilinikwamisha, kwa sababu miguu yangu ilikuwa ikitafuta ngoma, na kila nilipoanza kuyumba kwa mdundo uliokuwa kichwani mwangu alipiga kelele, "Ngoma ya nani hiyo?"

Jioni, mkewe alipokuwa akikaanga biringani, Zu alinieleza kwa nini ilikuwa lazima kujificha. Mchungaji hakuruhusiwa upanga wala hakuweza kuununua, lakini hakuna askari ambaye angemnyang'anya mchungaji fimbo. Kwa hiyo fimbo ndiyo ilikuwa upanga wa fukara, dhidi ya mbwa, dhidi ya wezi wa mifugo, na wakati mwingine dhidi ya walinzi wenye silaha wa mashamba makubwa. Aliyeonyesha hadharani kwamba anaijua aliwafundisha maadui zake bila malipo. Huko kaskazini mambo yalikuwa tofauti: Giuseppe Cerri alichapisha Milan, mwaka 1854, kitabu kizima cha kupigana kwa fimbo, chenye maelezo na picha, kila mtu asome. Nilipomtajia Zu habari hiyo aliuliza kama huyo Cerri alikuwa na mbuzi.

Tarehe 13 Agosti, mahali pale pale

Leo nimepewa fimbo. Ni ya mzeituni mwitu, imekaushwa gizani miaka miwili, ikanyooshwa juu ya moto na kupakwa mafuta mpaka ikawa nyekundu iliyokolea; ilipimwa kwa kusimamishwa chini mbele yangu, nayo ikafika kifuani. Zipo pia za mchungwa mchungu, lakini Zu anaona mti huo una hasira za haraka na huvunjika.

Kabla ya kila kitu kuna salamu: fimbo inainuliwa, inashushwa, inagusa ardhi, na macho hayaondoki kwa mwenzako. Kisha inaanza mizunguko. Mikono miwili imeshika karibu na ncha moja, na fimbo inachora duara kando ya mwili, upande huu na upande ule, bila kusimama, kwa namna ambayo mzunguko huo huo ndio ngao na ndio pigo. Asiyejua huona mapambo. Nilipoingia ndani ya mzunguko wake mara ya kwanza nilielewa kwamba hakuna nafasi ya kuingilia: palipoonekana wazi, fimbo ilikuwa imekwisha kufika, tena ikiwa na nguvu za mzunguko mzima. Alinigusa kichwani, ubavuni, gotini, kila mara akisimamisha mbao upana wa kidole kabla ya ngozi, na kwa kila mguso alisema neno moja tu, "alama". Kwao mchezaji bora si anayepiga, bali anayetia alama na kuweza kusimama. Mara moja tu hakusimama kwa wakati, kwa kosa langu, kwa kuwa nilikimbilia mbele. Pigo lilinipata kwenye kifundo cha mkono wa kulia na nikaketi chini bila kupenda. Mzee alileta siki na kitambaa, akanifunga, akaniuliza nilikuwa nikitazama nini.

"Fimbo yako, Zu."

"Fimbo inasema uongo, mwanangu. Tazama bega."

Kuhusu kisu aliniambia machache. Alitoa kisu cha mbao kutoka kwenye droo ya meza, akavua koti akalizungusha kwenye mkono wa kushoto, na kunionyesha hatua tatu, polepole, kisha mara moja kwa kasi yake. Katika ile ya kasi niliona koti tu. Ncha ya mbao ilikuwa chini ya kwapa langu la kushoto. Alikirudisha kisu kwenye droo na kuifunga, akasema kwamba kijana hufundishwa kisu baada ya kuonekana kwa miaka mingi jinsi anavyokasirika, na mimi alikuwa amenijua kwa siku mbili. Nilipotaja vumbi la Vizzini alicheka, akageuza nje mfuko wa lile koti lake la zamani: kwenye mshono wake mlikuwa na majivu laini ya Etna, na hakueleza kama yaliingia yenyewe.

Siku hizi wapo walimu wanaofundisha fimbo ya Sicily katika kumbi za michezo, kwa vifuniko vya uso na glavu nene, wasichana kwa wavulana, na mjukuu wake wa kike ni mmoja wa wanafunzi hao. Mzee ananung'unika kwamba glavu humfanya mtu asiogope. Lakini nilimwona binti huyo akija saa moja jioni na fimbo yake, na babu akasimama kabla hajaitwa.

Tarehe 14 Agosti, njiani

Basi la usiku, feri tena, Calabria yote gizani. Kifundo cha mkono kimevimba na kuwa cha zambarau.

Tarehe 15 Agosti, Torrepaduli

Ni sikukuu ya taifa zima, maduka yamefungwa, na kutoka Lecce kuja kusini nimepanda gari la familia iliyonihurumia barabarani. Torrepaduli ni kitongoji cha mji wa Ruffano katika rasi ya Salento, na usiku huu wa kuamkia tarehe 16, siku ya San Rocco, mtakatifu anayeombwa dhidi ya tauni, uwanja wa mbele ya kanisa lake hujaa watu mpaka alfajiri. Zamani palikuwa na mnada wa mifugo, na Waroma wa Salento, yaani jamii ya Wagipsi, si watu wa mji wa Roma, ambao familia zao zilifanya biashara ya farasi, walikuja na wanyama wao, wakalala hapo hapo. Watu waliokutana mara moja kwa mwaka walikuwa na hesabu za kumalizana, na husimuliwa kwamba baadhi ya hesabu hizo zilimalizwa kwa visu ndani ya duara la ngoma. Leo visu havipo. Mchezo wenyewe umebaki: huitwa *pizzica scherma*, na silaha ni vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilivyonyoshwa pamoja.

Kufikia saa tano usiku nilikuwa nimekata tamaa. Maduara yalikuwa mengi, lakini yalikuwa ya vijana waliokuja kucheza dansi ya kawaida, matari mia yakipigwa kila moja kwa mwendo wake, na simu zimeinuliwa juu. Ilipopita saa saba usiku nilisikia kinanda cha mdomo upande wa ukuta wa kanisa, nikakifuata. Hapo palikuwa na duara dogo, limebana, wanaume kwa sehemu kubwa, na hakuna aliyekuwa akiimba. Nafasi ya katikati haikuzidi mkeka wa watu wanne.

Wanaume wawili waliingia, wakapeana mikono, wakaanza kuzungukana. Niliijua ile hatua. Mguu mbele, mguu kando, geuka juu ya kisigino: msalaba wa chaki wa Zu, ila safari hii ulikuwa na ngoma, na ngoma ilikuwa ya haraka. Mkono wa kushoto ulining'inia mbele kama wenye koti. Vidole vya kulia vilikaa nyuma ya paja, vikatoka, vikarudi, na kila vilipotoka duara lote lilivuta pumzi kidogo. Aliyeguswa kifuani alisimama, akampa mwenzake mkono, akatoka, na mwingine akaingia. Hapakuwa na mwamuzi wala aliyebishana. Mara mbili mwanamke mmoja wa makamo aliingia, na mara zote mbili waliompisha walimpisha kwa hiari.

Tarehe 16 Agosti, alfajiri

Karibu saa kumi na moja waliingia wazee wawili, mmoja kibonge mwenye kofia, mwingine mwembamba aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hawakuruka. Walitembea tu, wakitabasamu, huku matari yakienda kwa kasi ile ile, na kwa muda mrefu hakuna aliyenyosha mkono. Nilikumbuka kutazama bega, nikalitazama bega la yule mwembamba bila kupepesa. Ghafla mwenye kofia akasimama, akavua kofia yake, akanyosha mkono wa amani, wote wawili wakakumbatiana, na kinanda kikanyamaza. Sikuwa nimeona chochote.

Kengele zilipigwa kwa misa ya kwanza, na wauza karanga wakaanza kufunua meza zao. Kijana aliyekuwa akipiga tari karibu nami alikwenda bombani kuosha mkono, kwa maana ngozi ya tari lake ilikuwa na madoa ya damu kutoka kwenye kidole gumba kilichochubuka usiku kucha. Nilimuuliza pigo lilipita wapi. Alikung'uta maji, akanitazama kifundo changu kilichofungwa kitambaa, akasogea karibu na kunyosha vidole vyake viwili vilivyolowa mpaka vikanigusa chini ya kwapa la kushoto.